Mtungi wa Kibuye na Mikono ya Magdalene Odundo

Jumapili moja katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, mama muuza vyungu aliinua mtungi kwa mkono mmoja, akaugonga kwa kidole cha mkono wa pili, nao ukalia kama kengele. "Sikia mwenyewe, mwanangu. Wenye ufa haulii hivi." Aliponitajia bei niliona haya kuomba anipunguzie, kwa maana nilikuwa namfikiria mfinyanzi mwingine, ambaye vyombo vyake vimehifadhiwa British Museum, London.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Huko alivutwa na udongo, lakini jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba katikati ya miaka ya 1970 alirudi Afrika kujifunza, akafika Abuja ya zamani, mji wa Nigeria ambao leo unaitwa Suleja, alikokuwa akifanya kazi mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali. Hadi leo Odundo hatumii gurudumu la kufinyangia. Huinua kuta za chombo kwa mikono, akaongeza misokoto ya udongo, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, kisha akasugua kwa jiwe laini mpaka uso ung'ae wenyewe. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa iliyokolea. Kikirudishwa motoni hewa ikiwa imezibwa, moshi hukigeuza cheusi.

Wapo wanaosema kwamba aliupandisha mtungi hadi ukawa sanaa, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame, cheo cha heshima wanachopewa wanawake. Heshima hiyo anaistahili kabisa, ila kauli hiyo ya kupandisha siikubali. Sisi tumekuwa tukisema shingo ya mtungi, tumbo la mtungi na mdomo wa mtungi tangu zamani, maana yake lugha yetu ilikwisha kuuona mwili wa binadamu ndani ya udongo kabla mkosoaji yeyote hajauandikia insha. Odundo aliyaona hayo, akayashughulikia kwa miaka mingi kwa uvumilivu usio wa kawaida.

Wanaijeria walimweka Ladi Kwali nyuma ya noti yao ya naira 20. Hapa kwetu, Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, alichonga ndege wa amani aliyewekwa makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ilhali wengi wetu hupita kando ya barabara zilizojaa mawe ya Kisii bila kuuliza ni nani aliyeyachonga.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Katika maonyesho mengi, mtungi wa zamani huandikiwa kabila na matumizi yake, huku jina la aliyeufinyanga likiwa halipo, kana kwamba kabila zima lilikaa chini na kusugua chombo kimoja. Ningependa kila shule na kila makumbusho ya eneo hili la ziwa, inapopokea chombo kipya, iandike jina la mfinyanzi kabla ya jambo lingine lolote.

Nilimuuliza yule mama ni nani aliyeufinyanga mtungi wangu. Alishangaa kidogo, akasema ni mama mkwe wake, akanitajia jina lake kamili. Nililiandika kwa penseli chini ya kitako cha mtungi, kabla sijautia maji.