Chancy Chitete hakufuata dola

Siku ya Mashujaa, 25 Julai, kundi letu moja la WhatsApp lilikuwa limejaa picha za gwaride, mkuki na ngao, sime na mashada ya maua. Mtu mmoja akauliza swali la maana kabisa: na wale vijana wetu, askari wa Tanzania waliofia Kongo wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, mbona hawatajwi sana? Jibu likaja fasta: "Wale walifuata dola." Yaani posho ya Umoja wa Mataifa. Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Watu wazima, wengine wana wajukuu.

Sikujibu pale, maana ningetolewa kundini. Najibu hapa, kwa kisa cha Chancy Chitete, askari wa Malawi.

Novemba 2018, karibu na mji wa Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia msituni kuwafurusha waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, kwenye ngome yao. Wakati huo Beni ilikuwa na balaa mbili: Ebola, na hao jamaa waliokuwa wanaua raia na kuwakwamisha wahudumu wa afya wasifike kwa wagonjwa. Watanzania na Wamalawi walikuwa brigedi moja, FIB, yaani brigedi ya kuingilia kati ya Umoja wa Mataifa, ile iliyoundwa mwaka 2013 pamoja na Waafrika Kusini ili ipigane kweli badala ya kukaa kambini kuhesabu makombora. Mapambano yakawa makali. Watanzania wakaanza kurudi nyuma, Wamalawi wakiwakinga kwa risasi. Katika kurudi huko koplo mmoja wa Tanzania akajeruhiwa vibaya, akabaki peupe, hawezi kusogea, adui anamwona.

Praiveti Chancy Chitete wa Malawi akatoka alipokuwa amejificha. Akamfuata yule koplo, akamburuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo ndipo naye akapigwa risasi. Akafa. Koplo wetu akapona.

Sasa nielezeni, enyi mabingwa wa uchumi wa kundini, posho ya kitendo hicho inaitwaje? Inalipwa kwa fomu gani? Tangu Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulikuwa unalipa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na hela hiyo inakwenda kwa serikali yake. Askari anapata kitakachoamuliwa kwao. Kiasi hicho ni kile kile kwa aliyetoka na kwa aliyebaki nyuma ya mti. Chitete angebaki, mwisho wa mwezi hesabu yake isingepungua hata senti. Tena asingelaumiwa na mtu. Alikuwa praiveti, cheo cha chini kabisa, na majeruhi hakuwa wa kikosi chake wala wa nchi yake. Anayefuata dola ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kubaki hai azitumie. Hilo tu lingetosha kuwanyamazisha, lakini najua watu wangu.

Haya, nakubali: posho ipo, na askari anaitaka. Nani hapeleki watoto shule? Mwalimu naye anafuata mshahara, na bado kuna walimu tunaowalilia mazikoni kama wazazi. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba ujumbe ule wa Umoja wa Mataifa una madoa yake. Watu wa Beni wenyewe, mwaka mmoja tu baadaye, waliandamana na kuchoma moto ofisi zake kwa sababu mauaji hayakukoma. Wana haki ya hasira zao, wao ndio waliokuwa wanazika. Wewe uliyeko kwenye kochi unamcheka marehemu kwa haki ipi?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka mmoja kabla ya Chitete, 7 Desemba 2017, kambi yetu ya Semuliki, huko huko Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na tukapoteza vijana 14 kwa mkupuo. Majeneza yaliletwa, bendera zikatandikwa, nchi ikalia. Waliolia siku hiyo ndio hao hao wanaotuma vikaragosi.

Mei 2019, New York, Katibu Mkuu António Guterres alimkabidhi mjane wa Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyekuwa Kigali mwaka 1994 bila silaha, akiwavusha watu vizuizini wachache wachache hadi kombora likamuua. Nishani hiyo haitolewi kama cheti cha semina. Kabla ya Chitete ilikuwa imetolewa mara moja tu, kwa familia ya Diagne mwenyewe. Dunia nzima imejua Mmalawi huyu alimfia nani. Waulizeni Watanzania kumi barabarani.

Halafu kumbukeni ni Malawi. Mwaka 2012 sisi na wao tulikuwa tunatunishiana misuli kwa ajili ya mpaka wa Ziwa Nyasa, kisa utafiti wa mafuta. Mpaka huo haujamalizwa mpaka leo. Miaka sita baadaye kijana wao anakufa akimkinga kijana wetu, na sisi tumekaa kimya kama tuliopewa lifti.

Dar es Salaam tuna Barabara ya Mandela, tuna Samora, Nkrumah, Kaunda, Kenyatta, Toure, hata Mfalme Haile Selassie ana barabara yake. Wageni wote hao, na sina kinyongo nao. Ila ni marais na mfalme. Praiveti hana hata kichochoro. Tuna makaburi ya Kaboya kwa waliokufa vita ya Kagera, tuna Naliendele kwa waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, kwa hiyo msiniambie hatujui kukumbuka askari waliokufa kwa ajili ya majirani. Tunajua vizuri, jirani akiwa upande wa kupokea.

Ninachotaka si sanamu. 25 Julai ijayo jina la Chancy Chitete lisomwe pamoja na ya wetu, na mjane wake aalikwe akae jukwaa kuu, safu ya mbele, siyo kule nyuma ya spika. Pia kuwe na mtaa mmoja, hata ule mfupi usio na lami. Shida ikiwa ni gharama ya kibao, mniambie, nitachangisha kundini. Wenye vikaragosi wataanza wao.