Saa ya kula ibaki, chakula kibadilike

Nyumba ambayo mzazi leo kaamka mzima na kesho hawezi kuinua sufuria haikosi washauri. Iwe ni selimundu, upungufu wa damu au uchovu mzito baada ya kujifungua, ushauri huwa wa namna mbili. Wengine wanataka ratiba kali: chai saa kumi na mbili, cha usiku saa moja, mgonjwa akiwa na nguvu asiwe nazo. Wengine wanasema mwacheni, akiweza apike, asipoweza watoto watafute cha kula.

Wenye ratiba wana hoja nzito. Mtoto anayetoka shule kwenye baridi ya Julai hapa Mbeya anatulia akijua saa moja kuna kitu mezani. Na kama mzazi mwenyewe ana kisukari na anatumia insulini, kuchelewa kula ni hatari, sukari inaweza kushuka ghafla. Tatizo lao ni kudhani nguvu za mtu zinafuata saa.

Wa upande wa pili wanaujua mwili vizuri zaidi, ila wanasahau mtego wa siku njema. Mama wa Uyole akiamka na nafuu anafua nguo za wiki nzima, anapiga deki, anashuka Mwanjelwa sokoni, anarudi kuinjika maharage ya siku tatu. Kesho yake hanyanyuki, na keshokutwa vilevile. Halafu ndugu anauliza, "Si jana tu ulikuwa mzima?" Swali hilo linaumiza kuliko ugonjwa, maana linamfanya ajikamue tena siku nyingine ili aaminike.

Hayo maharage tuyaangalie kidogo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanakawia kuiva kuliko Dar es Salaam, na mkaa unaisha. Kuyaloweka usiku, kuyamwaga maji asubuhi na kuyachemsha kwa maji mapya kunampunguzia mtu muda wa kukaa jikoni. Lakini kupika ya siku tatu bila friji siungi mkono, hata kipupwe kikiwa kikali. Wali ndio wa kuogopa zaidi: ukilala nje ya friji unaweza kufanya sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi.

Kwa hiyo naona siku ya nafuu itumike kwenye vitu vikavu, tena kwa kiasi. Kuchambua maharage na mchele, kutwanga karanga, kuweka ndani viazi, vitunguu na usipa wakavu wa Kyela. Kazi hizo mtu anazifanya amekaa, anaacha akichoka, na hakuna kinachoharibika.

Msimamo wangu: saa ya kula isiguswe, kinacholiwa kilegezwe. Siku mbaya, viazi vya kuchemsha na parachichi, au uji wa karanga na yai, ni chakula kamili cha usiku. Aibu ya kutosonga ugali ni ya kwetu wakubwa, watoto hawana habari nayo.

Kuna jambo pande zote mbili zinalipita haraka mno: nani anashika mwiko mama akilala? Mara nyingi hakuna anayeamua, linamwangukia binti mkubwa. Anabandika uji alfajiri, anaogesha mdogo wake, anafika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Mvulana wa darasa la sita anaweza kumenya viazi. Baba anaweza kusonga ugali, na kuwasha jiko kabla hajatoka. Zamu hizo zitajwe wote wakiwa wamekaa, siku ambayo mama ana nguvu ya kusema anachotaka, maana siku akizidiwa hatabishana na mtu.