Usiniambie Mgonjwa ni Nani

Simu za namna hii hazina salamu. Hakuna za nyumbani, hakuna watoto hawajambo. "Kaka, uko wapi? Tuko Mafia, mama hali mbaya." Kabla sijajibu nimeshaambiwa ana miaka mingapi, ana wajukuu wangapi, na kwamba ndiye aliyewasomesha wote.

Mimi naomba nisiambiwe.

Najua inasikika kama roho mbaya. Helikopta ninayorusha hapa Dar ni ya kukodiwa: leo watalii, kesho wapimaji, mara mojamoja mgonjwa. Na kwa safari za wagonjwa nimefika mahali naamini rubani ajue machache tu: anakwenda wapi, atatua wapi, anabeba kilo ngapi, hewa ikoje. Baadhi ya huduma za Marekani hufanya hivyo. Rubani huulizwa kama safari inawezekana kabla hajajua anayesubiri ni kichanga au mzee. Hawakufika hapo kirahisi. Mwaka 2008 helikopta zao za wagonjwa ziliua watu wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Kisa kinachojirudia katika ajali za namna hii ni kilekile: usiku, wingu, na rubani aliyezoea kuruka kwa kutazama nje anajikuta haoni kitu. Humo ndani mwili unakudanganya. Unahisi umenyooka, kumbe umelala upande na unashuka.

Sasa lilete jambo hilo kwetu, watu wa "fanya mpango". Ukisema haiwezekani ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza. Ndugu akishindwa anapiga mjomba, mjomba akishindwa anapiga mheshimiwa. Huyu anaongeza dau, yule machozi, mwingine jina la mtu mkubwa. Wa kuongeza mwanga hayupo, na jua la Dar likishazama giza halibishi hodi.

Halafu kuna kilo. Unatua uwanja wa mpira, vumbi limetanda, mabati ya jirani yanapiga kelele, watoto wanakuja mbio kutokea nyuma, kule kwenye panga la mkia ambalo likizunguka halionekani kabisa. (Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko bahari.) Machela haijapanda bado, ndugu watatu wameshasimama mlangoni, wote wa kusindikiza. Februari, joto likiwa limeshika, hewa inakuwa nyepesi na helikopta inanyanyuka kwa taabu. Nikimpakia shangazi, itabidi nipunguze mafuta, na mbele yangu kuna maji matupu. Shangazi analia, mimi napiga hesabu.

Masika moja walinipigia saa kumi na moja jioni. Wingu lilikuwa limelalia bahari, upande wa kusini hata mstari wa upeo hauonekani. Nikakataa. Kijana aliyekuwa kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ingekuwa mama yako ungekuja."

Alisema kweli. Ingekuwa mama yangu ningeruka, na daktari, muuguzi na mama mwenyewe wangekuwa nyuma yangu ndani ya lile wingu.

Ndiyo maana nasema namba ya rubani isigawiwe kwa ndugu. Tunao mfano hapahapa nchini: mama mjamzito akizidiwa, watu wanapiga 115, anapokea mtu wa zamu, yeye ndiye anayetafuta gari. Hakuna anayembembeleza dereva. Helikopta nayo iwe hivyo. Apokee mwingine, asikilize yote, aulize yote, mimi aniletee mahali na uzito.

Usiku ule sikulala vizuri, sitadanganya. Alfajiri anga ilikuwa safi kama imefuliwa. Tukavuka, kama dakika 45, machela ikapanda, tukarudi. Ambulensi ilitusubiri uwanja wa ndege, na foleni ya Barabara ya Nyerere nayo ilikuwa inaisubiri ambulensi, lakini hilo nitaliandika siku nyingine. Kijana alikuwa amekaa karibu na mama yake njia nzima. Hakunisalimia.

Nilizima injini, nikangoja mapanga yasimame. Ndipo nikashuka, nikamuuliza mama anaitwa nani.

Alinitajia jina bila kunitazama.