Benki tu hazitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anatushauri tunaoanza kuwekeza hapa Kanada tununue hisa za benki kubwa basi, kwa kuwa gawio lake (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) ni la uhakika. Gawio sikatai, benki hizo ziliendelea kulipa hata mwaka 2008. Lakini ndugu, Soko la Hisa la Toronto lenyewe limejaa benki, mafuta na madini, na Kanada nzima ni kama asilimia 3 tu ya thamani ya hisa za dunia. Mshahara wako, nyumba yako na hisa zako, vyote kwenye uchumi mmoja?

Kilichonishangaza zaidi, ada hazikutajwa hata mara moja. Mimi niliuziwa mfuko wa uwekezaji (pesa za watu wengi zinazowekezwa pamoja) kwenye tawi la benki kwa ada ya asilimia 2.3, tena kwa tabasamu (na kahawa nilipewa). Kwa dola 10,000 hiyo ni dola 230 kila mwaka, faida iwepo isiwepo. Mfuko wa fahirisi, yaani unaofuata tu orodha ya hisa za soko, unaouzwa sokoni kama hisa na wenye kampuni za dunia nzima, hutoza karibu dola 20 kwa kiasi hichohicho.

Hatifungani nazo, yaani mikopo tunayoipa serikali au kampuni kwa riba, tusiziite salama kabisa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kanada ilipopandisha riba, mifuko mingi ya hatifungani ilishuka zaidi ya asilimia 10. Pesa ya karo ya Septemba isikae huko.

Halafu hisa za Marekani zenye gawio ziwekeni kwenye akaunti ya kustaafu ya RRSP. Kwenye TFSA, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi Kanada, Marekani hukata kodi ya asilimia 15 ya gawio, na hairudi.