Leseni, hakimu na maneno ya mwenyekiti

Mwaka 1964 kituo kidogo cha redio huko Red Lion, Pennsylvania, kilirusha kipindi cha dakika 15 ambamo mhubiri Billy James Hargis alimshambulia mwandishi Fred Cook. Cook akaomba muda wa kujibu, kituo kikamtumia bei za matangazo. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ikaamuru apewe muda huo, alipe asilipe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1969 tume ikashinda bila jaji hata mmoja kupinga: masafa ni machache, aliyepewa leseni anayashika kwa niaba ya umma, na haki ya msikilizaji hutangulia.

Miaka 5 baadaye mahakama hiyohiyo iliifuta sheria ya Florida iliyoyalazimisha magazeti kumpa mgombea nafasi ya kujibu. Gazeti halihitaji leseni, basi serikali haina pa kulishikia. FCC yenyewe iliachana mwaka 1987 na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kusikiliza pande zote.

Siku hizi mvutano ni juu ya nani atafsiri sheria. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilifuta msimamo wa miaka 40 uliowataka majaji kukubali tafsiri ya wakala wa serikali pale sheria isipoeleweka wazi. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikatumia uamuzi huo kuzitupa kanuni za FCC zilizokataza kampuni zinazotoa huduma ya intaneti kubagua maudhui. Wanaoshangilia wana hoja nzito: kanuni hizo ziliwekwa 2015, zikaondolewa 2017, zikarudishwa 2024, kila utawala na zake. Wanaolalamika nao wanauliza jaji asiye mhandisi anajua nini kuhusu mitandao, wakati Congress, bunge la Marekani, haimalizi kutunga sheria mpya. Mimi hapo naegemea kwa majaji, ila kidogo tu.

Maana kwa uhuru wa kujieleza, hatari kubwa haimo kwenye kanuni. Septemba 2025 mwenyekiti wa FCC, Brendan Carr, alikasirishwa na maneno ya mtangazaji Jimmy Kimmel wa mtandao wa televisheni wa ABC, akasema hadharani kwamba jambo hilo linaweza kwenda kwa njia rahisi au ngumu. Saa chache baadaye Nexstar, yenye vituo vingi vinavyorusha ABC, ilitangaza kukiondoa hewani kipindi cha Kimmel, na ABC ikakisimamisha. Nexstar wakati huo ilikuwa ikisubiri idhini ya FCC kuinunua kampuni ya Tegna. Carr anajitetea kwamba vituo vya mikoani vina haki ya kukataa vipindi vya makao makuu, na kwamba leseni ina masharti ya maslahi ya umma. Yote mawili ni kweli. Lakini sheria ya 1934 iliyoiunda FCC inaikataza kuchuja yanayorushwa hewani, na mwaka 2024 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walisema ofisa wa serikali hawezi kumbana mtu wa tatu ili anyamazishe maoni asiyoyapenda.

Kimmel alirudi hewani baada ya siku chache, bila amri ya mahakama. Hakukuwa na faini wala uamuzi wa kukatia rufaa, na kampuni inayosubiri idhini ya mabilioni haina haraka ya kumshitaki anayeitoa. Congress iiwekee FCC tarehe ya mwisho ya kujibu maombi ya namna hiyo, na iitake itoe sababu kwa maandishi, ili jaji awe na cha kusoma.