Wanaohitaji faragha zaidi ni watu wa nyumbani

Nikizungumza na vijana wanaotengeneza programu za simu Dar es Salaam na Nairobi, nasikia hoja ileile: faragha ni mambo ya Ulaya, sisi kwanza tupate watumiaji, hayo mengine tutayaona tukishakua. Naishi Hamburg na riziki yangu inatokana na kazi hiyohiyo ya kutengeneza programu, na hoja hiyo naipinga kwa moyo wote. Mtu wa nyumbani anahitaji kulindwa kuliko Mjerumani. Tena anahitaji kulindwa sasa, programu ikiwa bado changa, kwa sababu mazoea ya kuchota kila kitu yakishaota mizizi hakuna kampuni inayoyang'oa kwa hiari.

Sipingi kukusanya taarifa za matumizi. Programu inazima ghafla kwenye simu ya RAM ya GB 1 aliyonayo muuza samaki wa Deep Sea, Tanga, na wewe uliyeijaribu kwenye simu mpya ofisini huna habari. Yule hatakuandikia barua pepe kulalamika, ataifuta tu na kuendelea na shughuli zake. Tena watu wetu wasipohesabiwa, maamuzi hufanywa kwa kutazama simu za Berlin na London, na toleo linalofuata linakuja zito zaidi, linakula bando zaidi. Kwa hiyo tuhesabu. Ninachogombania ni kitu gani kinahesabiwa, nani aliombwa ruhusa, na hesabu zenyewe zinakaa kwa nani.

Wengi nyumbani hudhani Wajerumani wamezaliwa na wasiwasi huu. Ukweli ni kwamba waliupigania. Jimbo la Hessen lilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 1970, ya kwanza duniani. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotaka kufanya sensa mwaka 1983, wananchi wengi waliapa kutojibu, na wengine wakafungua kesi. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe iliamua kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitolewe na zitumiwe vipi. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuona, wakati wa Wanazi, orodha za serikali zikitumika kuwasaka raia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, imekuja juu ya historia hiyo, ikiwa na faini zinazoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa.

Kazini kwetu hofu ya faini imegeuka kuwa desturi. Ukitaka kuongeza kihesabio kimoja tu kwenye programu, yaani kipande kinachohesabu jambo fulani limetokea mara ngapi, unaulizwa: namba hiyo itajibu swali gani, na jibu likipatikana utabadilisha nini? Ukikosa jibu, kihesabio hakiingii. Desturi hii naipenda sana, na kuiga hakuhitaji fedha wala bunge.

Si kila kitu cha huku kinafaa kuigwa. Watu wamechoshwa na vidirisha vya kuomba ridhaa, wanabofya “kubali” ili wasome habari zao waondoke. Kampuni moja ya michezo ya bahati nasibu ya Ujerumani, Planet49, ilifika hata kumwekea mtumiaji alama kwenye kisanduku cha ridhaa kabla hajagusa chochote. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hiyo si ridhaa.

Sasa tazama nyumbani. Mama mdogo wangu anauza vitenge Ngamiani. Aliwahi kukopa kwa programu moja ya mikopo ya mtandaoni, kiasi kidogo cha kuongezea mtaji. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulianza kwenda kwa watu waliomo kwenye simu yake: shemeji, mwalimu wa madrasa wa wanawe, wateja wake, na mimi hapa Hamburg. Tuliambiwa tumhimize mdaiwa wetu alipe. Alinipigia akilia. “Mwanangu, hawa jina lako wamelipata wapi?” Walilipata siku aliyoiweka ile programu, ilipodai ruhusa ya kusoma majina yote la sivyo haifunguki. Mwaka 2023 Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Nilifurahi, lakini ilinichoma kwamba kinga hiyo ilitoka kwenye sera ya kampuni ya Marekani.

Mtengenezaji wa programu ya kawaida atasema yeye si mkopeshaji, anakusanya takwimu za matumizi tu. Basi aangalie takwimu zake zimefungwa na nini. Nyumbani programu nyingi humtambua mtumiaji kwa namba ya simu. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na namba hiyohiyo ndiyo pochi ya fedha. Ukiandika kwamba namba fulani ilifungua ukurasa wa dawa za kufubaza virusi saa nne usiku, umeandika siri ya mtu mwenye jina, sura na mtaa.

Kufuta jina hakutoshi. Latanya Sweeney, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vingetosha kumtofautisha na wengine wote kila mmoja wa takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Kijijini kwetu hata tarehe ya kuzaliwa haihitajiki. Taja aina ya simu ambayo pale iko moja tu, na kila mtu atakuambia ni ya nani.

Habari njema ni kwamba njia ya kuhesabu bila kumfichua mtu ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1965 mtakwimu Stanley Warner alieleza namna ya kuuliza maswali ya aibu kwa kutumia bahati. Nitaeleza mojawapo ya sura zake. Tuseme unataka kujua ni watumiaji wangapi wamewahi kushindwa kulipa mkopo. Simu ya kila mmoja inarusha sarafu kimyakimya. Ikiangukia kichwa, simu inatuma jibu la kweli. Ikiangukia upande wa pili, inarusha tena, na safari hii inatuma “ndiyo” au “hapana” kama sarafu ilivyosema, bila kujali ukweli. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea majibu, ikipata “ndiyo” kutoka kwa mama mdogo, haiwezi kujua kama ni yake au ya sarafu. Lakini kwa watu 10,000 hesabu inakaa sawa. Nusu yao, kama 5,000, walijibiwa na sarafu, na hao huleta “ndiyo” zipatazo 2,500. Ukipata “ndiyo” 4,000 kwa jumla, zinabaki 1,500 kutoka kwa wale 5,000 waliosema kweli, yaani asilimia 30. Umepata ulichotaka, na huna siri ya mtu hata mmoja ya kuvuja au ya kuuzwa. Google iliitumia njia ya ukoo huu kwenye kivinjari cha Chrome kuanzia 2014, na Apple ikatangaza yake 2016. Mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kuiandika kwa siku moja.

Kuna njia nyepesi zaidi. Februari 2023 Russ Cox, aliyekuwa akiongoza lugha ya programu ya Go pale Google, alipendekeza vihesabio vidogo vitakavyotuma takwimu isipokuwa mtumiaji akizima. Watu walipinga, naye akakubali kugeuza mpangilio. Toleo la 1.23 lilipotoka Agosti 2024, hesabu zilikuwa zinakaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, na haziendi popote mpaka aseme ndiyo. Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, nayo huuliza kama itume takwimu wakati wa kuiweka kwenye kompyuta, na jibu lililowekwa tayari ni hapana.

Nyumbani sheria tunazo. Kenya ilipitisha yake 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kutuma ujumbe wa vitisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Nazipongeza. Lakini faini humfikia mkosaji baada ya mama wa watu kuaibishwa mtaa mzima. Anayeweza kuzuia mapema ni yule kijana anayeandika programu, siku anapoamua kutoomba ruhusa ya majina.

Kwake ninayo maombi. Ridhaa iombwe kwa Kiswahili cha sokoni, na kitufe cha “hapana” kiwe kikubwa sawa na cha “ndiyo”. Takwimu zisubiri Wi-Fi, kwa maana kuzituma kwa bando ni kumlipisha mtumiaji gharama ya kuchunguzwa kwake. Na kuna jambo ambalo sheria za Ulaya hazitakufundisha, kwa kuwa huku kila mtu ana simu yake: kwetu simu moja hushikwa na mama asubuhi, mtoto akitoka shule, na baba usiku. Ridhaa aliyoitoa mmoja wao siku ya kwanza haiwezi kuwafunga wote. Usiunganishe walichofanya kuwa historia ya mtu mmoja. Hesabu tukio, kisha usahau ni la nani.