Mzinga wa sumaku-umeme: tubishane risasi, sio mtutu

Mzinga wa sumaku-umeme, yaani unaorusha risasi kwa nguvu ya umeme badala ya baruti, kila mpenzi wa magemu na hadithi za sayansi anaujua. Mtutu mrefu, umeme unapanda, kimya kidogo, alafu kipande cha chuma kinachomoka kwa spidi ambayo jicho halifuati na meli ya adui inatobolewa upande mpaka upande. Na sifa yake ni ileile siku zote, kwamba risasi ni chuma tu, haina baruti wala kompyuta, unabeba maelfu, na ikishatoka hakuna wa kuizuia. Mimi huu mzinga naupenda sana ndo maana hiyo sifa inanisumbua, nusu yake ni kweli kabisa na nusu nyingine inavunjika ukianza kupiga hesabu.

Basi tutengeneze wetu. Meli ya kivita ya angani, mtutu mita 100, risasi ya tungsteni (chuma kizito sana) kilo 10, inatoka kwa kilomita 8 kwa sekunde. Nishati yake ni megajuli 320. Megajuli moja ni kama gari la tani moja linalokimbia kilomita 160 kwa saa, kwahiyo hapo ni magari 320 yanakugonga kwa pamoja, tena mahali padogo kuliko kiganja. Ukipima kwa TNT, kilipuzi cha mabomu, ni kama kilo 76, yaani chuma cha kilo 10 ambacho hakilipuki kinapiga kuliko kama kilo zote 10 zingekuwa ni TNT. Na roketi ya kawaida yenye moshi unaotoka kilomita 3 kwa sekunde, ili ifikishe hizo kilo 10 kwenye spidi hiyohiyo ingehitaji zaidi ya kilo 130 za mafuta kwa kila risasi. Hapo wanaotetea chuma bubu, yaani risasi isiyo na baruti wala kompyuta, wana haki yao yote, sibishi.

Wanasema pia stoo ya risasi haiwezi kulipuka kwasababu hamna baruti. Hii ni hoja nzito, meli ya kivita ya Uingereza HMS Hood mwaka 1941 ililipuka stoo yake ya risasi na kati ya watu 1,418 waliokuwemo walipona 3 tu. Ila tusisahau kwamba umeme wa kurusha lazima ukae mahali. Tuseme nusu ya umeme ndo inageuka spidi, basi kabla ya kufyatua kapasita zako (vifaa vya kutunza umeme) zimebeba megajuli 640, hizo ni sawa na kilo 150 za TNT ziko ndani ya meli zinasubiri hitilafu. Hatari imehama chumba, haijaondoka.

Sasa tuje kwenye umbali, hapa ndo hadithi nyingi zinateleza. Adui yuko kilomita 1,000, kwa vita vya angani hapo ni karibu. Risasi inatumia sekunde 125 kufika, zaidi ya dakika mbili. Adui akiwasha injini kidogo tu, spidi ikaongezeka sentimita 10 kila sekunde, kitu ambacho hata kikombe mezani hakitamwagika, risasi inapofika yeye ameshahama mita 780. Umepiga pengo. Mlete hadi kilomita 50 na risasi inafika ndani ya sekunde 6 na kidogo, kwa injini ileile amehama mita 2 tu, umempata. Kwahiyo chuma bubu ni silaha ya karibu, na anayekuandikia kwamba kinapiga kutoka upande wa pili wa sayari ameruka hesabu.

Wenye upande wa risasi yenye akili wanajibu: iwekee jicho na viinjini vidogo vya pembeni, iwe inajirekebisha njiani. Na ukweli hesabu inawabeba, maana ili kumfuata adui yule inahitaji kubadili spidi kama mita 12 na nusu tu kwa sekunde, mafuta kiduchu sana. Wengi wanapinga kwa kusema vifaa vitasagika mtutuni, na kweli mchapuko, yaani kasi ya kuongezeka kwa spidi, ni mara 32,000 na zaidi ya uvutano wa dunia, kitu cha gramu moja kinajiona kina kilo 32. Lakini kwenye Vita vya Pili vya Dunia Marekani walishaweka redio ndogo yenye valvu za glasi ndani ya risasi za mizinga ili zilipuke zikikaribia ndege, na zile valvu zilihimili kama mara 20,000. Glasi! Kwahiyo kwa teknolojia ya kubuni ya karne zijazo sioni kwanini hiyo iwe ndo kikwazo.

Kikwazo ni bei. Meli za kivita za Zumwalt za Marekani zilitengenezewa mzinga wa baruti wenye risasi za kujiongoza, meli zikapunguzwa kutoka 32 hadi 3, bei ya risasi moja ikafika kama dola 800,000 na mwaka 2016 mpango wa kuzinunua ukafutwa, mizinga ikabaki haina cha kupiga. Akili kwenye risasi inalipwa kila unapofyatua.

Na mzinga wa sumaku-umeme wa kweli nao unatuonyesha kwamba ubishi ni wa risasi, sio mtutu, ukiutazama vizuri. Jeshi la majini la Marekani walianza mradi wao 2005, Desemba 2010 kwenye kituo chao cha majaribio cha Dahlgren wakarusha kwa megajuli 33, na 2021 wakausimamisha. Ukiangalia video za majaribio unaona moto mkubwa unatoka mdomoni mwa mtutu, na watu wanauliza moto wa nini wakati hakuna baruti. Ni chuma chenyewe, aluminiamu inayopitisha umeme nyuma ya risasi pamoja na ngozi ya reli (vyuma viwili virefu ndani ya mtutu vinavyopitisha umeme) vinageuka mvuke na kuwaka, yaani mtutu unajila kila unapofyatua. Lakini risasi waliyoibuni kwa ajili ya mzinga huo haikufa nao, wakaipeleka kwenye mizinga ya baruti, na Septemba 2020 ikatunguliwa nayo shabaha iliyoigiza kombora la kruzi, lile linaloruka kama ndege. Mzinga ulisimama, risasi ikaendelea.

Kwa hiyo mimi kura yangu naipa risasi ya tatu ambayo haitajwi sana, ya wingu. Kilo 10 zilezile zigawe vipande 1,000 vya gramu 10, weka saa tu ndani, ipasuke kabla ya kufika. Ukilitawanya lile wingu kufunika duara lote lenye nusu kipenyo cha mita 780 ambamo adui anaweza kuwa, meli yenye ubavu wa mita 200 kwa 30 inakula kama vipande 3 kwa kila mfyatuo. Ni kweli kila kipande ni kigololi cha sentimita moja, na ngao ya tabaka jembamba lililotangulizwa mbele ya bodi, kama zile za Kituo cha Kimataifa cha Anga, inaweza kukivunja kabla hakijaingia ndani. Kwa kuua bodi wingu ni dhaifu, chuma kizima kinalishinda mbali.

Ila bodi sio shabaha pekee. Ile nusu ya umeme iliyopotea ni megajuli 320 za joto kwa kila mfyatuo, zinatosha kuchemsha karibu tani nzima ya maji, na angani hakuna hewa ya kulibeba, joto linatoka kwa mng'ao tu. Meli yoyote yenye huu mzinga lazima itandaze mabawa makubwa membamba ya kutolea joto, na mabawa hayo ukiyafunika kwa ngao hayafanyi kazi vizuri tena. Adui mwenye mzinga kama wako amening'iniza udhaifu wake nje. Vipande vitatu vikipita kwenye mabawa yake, mabomba ya kupozea yakavuja, anabaki na mtutu mzima, risasi zimejaa, na hawezi kufyatua bila kujichoma mwenyewe. Hapo ndo unasogea hadi kilomita 50 na kile chuma bubu chako.